Mwanamke na Pikipiki: Kutoka Mbio za Brooklands hadi Njia za Vijijini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tarehe 11 Desemba, 1934, wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja aina ya Panther yenye injini ya cc 600. Ubavuni ilikuwa na kigari cha abiria, na nyuma ilivuta tela la mizigo. Walikuwa wakielekea Cape Town. Walivuka Jangwa la Sahara, ambako injini iliwaharibikia na ikalazimu ifumuliwe na kujengwa upya, wakapita Afrika ya Kati, Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, na tarehe 29 Julai, 1935 wakaingia Cape Town. Ilikuwa imepita miezi saba na nusu.

Safari hiyo haitajwi sana hapa nchini, ingawa sehemu yake ilikatiza katika ardhi yetu. Inafaa kutajwa sasa kwa sababu swali lililowaandama wanawake wa zama zile bado linasikika Tanzania ya leo: je, mwanamke anaiweza pikipiki? Linasikika kwenye vijiwe vya bodaboda, linasikika majumbani binti anapoomba kujifunza, na wakati mwingine linasikika hata katika ofisi za umma pale afisa wa kike anapokabidhiwa pikipiki ya kazi. Makala haya yanaeleza historia ya swali hilo katika mchezo wa mbio za pikipiki, yanaeleza chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kisha yanaeleza yale ambayo mwanamke anayetaka kuendesha hapa nchini anapaswa kuyafahamu kabla ya kuwasha injini.

Wallach hakuwa mtalii aliyekurupuka. Alikuwa amesomea uhandisi jijini London, fani iliyokuwa na wanawake wa kuhesabika, na mapenzi yake kwa pikipiki yalikuwa ya mtu anayetaka kujua kila kipande kinafanya kazi gani na kwa nini. Mwenzake Blenkiron alikuwa tayari amejijengea jina katika uwanja wa mbio wa Brooklands. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1907 katika eneo la Surrey, nje kidogo ya London, na ndio wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa ajili ya mbio za vyombo vya moto. Njia yake ilikuwa ya zege, na kona zake ziliinuliwa upande wa nje mfano wa ukingo wa bakuli ili vyombo vipite bila kupunguza mwendo. Mwendeshaji aliyekamilisha mzunguko mmoja katika shindano kwa kasi inayozidi maili 100 kwa saa, yaani takribani kilomita 161, alitunukiwa Nyota ya Dhahabu na klabu ya waendesha pikipiki iliyosimamia mashindano hayo.

Katika historia yote ya Brooklands, wanawake watatu tu walioipata nyota hiyo. Blenkiron aliipata mwaka 1934. Mwaka huohuo akaipata Beatrice Shilling, na mwaka 1939 akaipata Wallach, akiendesha Norton ya cc 350 ya kuazima. Muda mfupi baadaye vita vikazuka na mbio za Brooklands zikakoma moja kwa moja.

Habari za Shilling zinastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa maana zinaonyesha kwamba kuipenda pikipiki si anasa isiyo na faida kwa jamii. Shilling alikuwa mhandisi katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege huko Farnborough. Mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Uingereza waliorusha ndege za Spitfire na Hurricane walikumbwa na tatizo la hatari: rubani alipoinamisha pua ya ndege ghafla ili kumfuata adui, injini ya Merlin ilipoteza nguvu, kwa kuwa mafuta yalivurugika katika kabureta na hatimaye kuifurika. Ndege za Kijerumani, ambazo injini zake zilipuliziwa mafuta moja kwa moja, hazikuwa na kasoro hiyo. Shilling alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa kwa uangalifu, kikawekwa kwenye njia ya mafuta ili kuruhusu kiasi ambacho injini inahitaji na si zaidi. Mwaka 1941 alizunguka na mafundi wake katika viwanja vya ndege wakivifunga vipande hivyo. Mtu ambaye mikono yake ilizoea kufungua na kusafisha kabureta ya Norton alijua vyema mafuta hufanya nini yanapokatika au yanapozidi.

Wallach naye alilitumikia jeshi wakati wa vita, kisha akahamia Marekani, akafungua duka la pikipiki Chicago, akaandika kitabu cha kufundisha uendeshaji mwaka 1970, na mwaka 1973 akaanzisha shule ya waendesha pikipiki mjini Phoenix. Aliendelea kuendesha hadi alipokaribia umri wa miaka 90. Ni jambo la kutafakari kwamba mwanamke aliyevuka Sahara kwa pikipiki aliona kazi kubwa ya maisha yake iliyosalia ni kuwafundisha wengine namna ya kusimama, kukata kona na kufunga breki.

Hata hivyo, uwezo uliothibitishwa haukufungua milango. Mwaka 1962 Beryl Swain alishiriki mbio maarufu za Kisiwa cha Man katika daraja la pikipiki za cc 50, akiwa mwanamke wa kwanza kuendesha peke yake katika mashindano hayo. Kabla yake, mwaka 1954, Mjerumani Inge Stoll alikuwa ameshiriki akiwa abiria wa kigari cha pembeni. Njia ya Kisiwa cha Man ni barabara ya kawaida inayofungwa kwa siku za mbio, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 60 kwa mzunguko mmoja, ikipita kati ya nyumba, kuta za mawe na milima. Swain alimaliza katika nafasi ya 22. Baada ya hapo alinyang'anywa leseni yake ya kimataifa kwa hoja kwamba mchezo huo ni wa hatari mno kwa wanawake. Haikuwa kwamba ameanguka, wala kwamba amemwangusha mwingine. Hadi mwaka 1978 ndipo mwanamke mwingine, Hilary Musson, aliporuhusiwa kuendesha peke yake katika mbio hizo.

Ni kweli kwamba mbio za Kisiwa cha Man ni za hatari, na zimeua waendeshaji wengi. Wengi mno wa hao ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuwafungia wanaume wote mlango kwa sababu hiyo.

Hoja ya nguvu za mwili inahitaji kujibiwa kwa kueleza pikipiki inavyofanya kazi. Pikipiki haibebwi na anayeiendesha. Yeye ndiye anayebebwa. Ikishashika mwendo, magurudumu yake na umbo la sehemu yake ya mbele huisaidia kujisimamisha yenyewe, na kazi ya mwendeshaji ni kuielekeza. Kwa mwendo wa barabarani, anayetaka kukata kushoto husukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani. Pikipiki huinama kushoto, nayo hufuata mwinamo huo. Jambo hili huwashangaza wanaojifunza, kwa sababu linaonekana kwenda kinyume na akili, lakini kila mwendeshaji hulifanya, ajue au asijue. Nguvu inayohitajika ni ndogo. Kinachohitajika zaidi ni utulivu wa mabega na macho yanayotazama mwisho wa kona badala ya kutazama shimo lililo mbele ya gurudumu.

Breki nazo hufuata kanuni. Unapopunguza mwendo, uzito wa chombo na wa aliyekipanda husogea mbele na kulikandamiza gurudumu la mbele, ambalo hushika barabara kwa nguvu zaidi kuliko la nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama hutoka kwenye breki ya mbele, inayobanwa taratibu kwa vidole na kuongezwa kadiri tairi inavyoshika. Wapo waendeshaji wengi wa bodaboda ambao kwa miaka wamekanyaga breki ya nyuma pekee, wakiamini ile ya mbele itawarusha. Humrusha yule anayeibana kwa ghafla, au anayeibana gurudumu likiwa juu ya mchanga au likiwa limepindishwa. Katika hali ya kawaida ndiyo inayookoa.

Hesabu fupi itasaidia. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kwa sekunde moja. Mwendeshaji akitumia sekunde moja kuona hatari na kuanza kufunga breki, ameshamaliza mita hizo 17 bila kupunguza chochote. Kwenye lami kavu, breki nzuri zikitumika ipasavyo, atahitaji mita nyingine 23 hivi ili asimame. Jumla mita 40. Kwa mwendo wa kilomita 80 jumla hiyo hufika zaidi ya mita 60. Abiria akiwa nyuma, tairi zikiwa zimeisha au barabara ikiwa na vumbi, umbali huongezeka. Hesabu hiyo ni ileile kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Panapohitajika nguvu ni pale pikipiki inapoanguka. Hata hapo mbinu huzidi misuli. Zima injini, geuza usukani hadi mwisho kuelekea upande iliolalia, igeuzie mgongo, egemeza sehemu ya chini ya kiuno kwenye kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha fremu kwa mkono mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua ndogondogo. Miguu ndiyo inayoinua. Mtu mwenye umbo dogo huweza kuinua kwa njia hii pikipiki inayomzidi uzito maradufu. Kuhusu urefu, si lazima nyayo zote mbili zikanyage chini kikamilifu. Inatosha mguu mmoja ukanyage kwa uthabiti wakati mwingine ukiwa kwenye breki. Jambo la kwanza la kuangalia unaponunua ni urefu wa kiti kutoka ardhini, kabla ya kuangalia rangi na kasi.

Kwa wakazi wa Zanzibar na miji ya mwambao, mjadala huu unaweza kuonekana umechelewa. Huko mwanamke aliyevaa baibui akiendesha vespa kwenda kazini au sokoni ni jambo la kila siku. Neno lenyewe limetoka kwenye jina la biashara la kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyosajili chombo hicho mwaka 1946. Mwaka uliofuata Lambretta ikaingia sokoni. Aliyeibuni Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Aliona zinachafua nguo kwa mafuta, zinamlazimu mtu kurusha mguu juu ya kiti, na gurudumu likipata pancha linasumbua kulitoa. Basi akaifunika injini, akaiweka karibu na gurudumu la nyuma bila cheni iliyo wazi, akaweka ngao mbele ya magoti, na akaacha nafasi tupu kati ya kiti na usukani ili hata mwenye sketi apande kwa heshima. Jinsi ubunifu huo unavyofaa kwa mwenye kanga au baibui hakuna haja ya kueleza. Jambo la kujifunza ni kwamba chombo kilipobuniwa kwa kumfikiria kila mtu, swali la nani anakiweza lilipungua makali lenyewe.

Katika mbio za kisasa, jina linalotajwa zaidi ni la Ana Carrasco wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1997. Septemba 2017, katika uwanja wa Portimão nchini Ureno, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio moja ya ubingwa wa dunia ya pikipiki barabarani akiendesha peke yake na kushindana na wanaume. Mwaka 2018 akatwaa ubingwa wenyewe wa daraja la Supersport 300 kwa tofauti ya pointi moja. Septemba 2020 alianguka katika mazoezi huko Estoril na kuvunjika pingili za uti wa mgongo, akafanyiwa upasuaji. Msimu uliofuata alirejea, na Juni 2021 akashinda mbio huko Misano, Italia. Mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Pikipiki lilipoanzisha ubingwa wa dunia wa wanawake, ambamo washiriki wote hutumia pikipiki za aina moja, Yamaha R7, Carrasco ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza.

Wapo wanaohoji kama kuwatenga wanawake katika ubingwa wao ni hatua ya mbele au ya nyuma, hasa baada ya Carrasco kuwashinda wanaume. Kwa maoni ya mwandishi, hoja yenye uzito ni ya fedha: msichana anayeanza hupata mfadhili kwa tabu kuliko mvulana wa kiwango chake, na mashindano yenye pikipiki sawa hupunguza pengo hilo. Kwa Afrika Mashariki mchezo ulioshika mizizi zaidi ni motokrosi, unaochezwa kwenye njia za udongo zenye vilima na mabonde, na wazazi wenye uwezo huwaanzisha watoto wa kike na wa kiume wakiwa wadogo.

Jambo moja halipaswi kuchanganywa. Uwanjani, wote wanakwenda upande mmoja, hakuna mbuzi wala mtoto anayevuka, kona ina eneo la kuangukia, daktari yupo, na anayeanguka amevaa suti ya ngozi na kinga ya mgongo. Carrasco alivunjika uti wa mgongo akiwa na vyote hivyo. Anayeshindana usiku kwenye barabara ya umma akiwa na kandambili hana hata kimoja, na chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, anatenda kosa la jinai.

Turudi kwenye pikipiki ya kazi. Aprili 2022, hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki na vitendea kazi vingine kwa maafisa ugani wa kilimo. Maafisa ugani wa kike ni sehemu ya watumishi hao, na kata nyingi hazina usafiri mwingine wa kumfikia mkulima aliye kilomita 15 kutoka ofisi ya kata. Afisa asiyeweza kuendesha atategemea mume, mdogo wake wa kiume au kijana wa bodaboda anayelipwa kutoka mfukoni mwake. Ziara zitapungua, na mkulima ambaye mahindi yake yameshambuliwa na viwavijeshi atasubiri wiki nzima kwa jambo lililohitaji siku mbili. Hali ni hiyohiyo kwa muuguzi anayekwenda kutoa chanjo na kwa afisa maendeleo ya jamii. Pikipiki bila mafunzo ni nusu ya kitendea kazi. Mwajiri anayekabidhi funguo anafanya vyema kuuliza kwanza kama mtumishi, awe wa kike au wa kiume, amefundishwa na ana leseni, badala ya kudhani kwamba mwanamume anajua na mwanamke hajui.

Kuhusu leseni kwa upande wa Tanzania Bara, mwananchi azingatie kwamba leseni ya gari haimruhusu kuendesha pikipiki. Mwenye daraja D aliyenunua skuta ya cc 110 ili akwepe foleni anapaswa kuongezewa daraja la pikipiki. Daraja A linahusu pikipiki, yenye kigari cha pembeni au isiyo nacho, ambayo injini yake inazidi cc 125 au uzito wake unazidi kilo 230. Daraja A1 ni la pikipiki isiyo na kigari iliyo chini ya viwango hivyo, na ndilo linalowahusu wengi. Daraja A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu au manne, zikiwemo bajaji, na A3 ni la vipikipiki visivyozidi cc 50. Mwombaji huanza na leseni ya kujifunzia, hupata mafunzo katika shule au chuo kinachotambuliwa, hupimwa na Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani, kisha hupewa leseni na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo anahitaji pia leseni ya usafirishaji ya chombo chake. Kwa Zanzibar, utaratibu ni wa mamlaka za huko.

Kofia ngumu ni ya lazima, na sababu inapimika. Tathmini ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2008, iliyojumuisha tafiti 61, ilionyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takribani asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwa mwanamke kuna tatizo ambalo maelekezo ya kawaida hayaligusi. Kofia iliyojaribiwa dukani nywele zikiwa fupi haitaingia zikishasukwa rasta nene, na ile iliyonunuliwa juu ya rasta italegea zikifumuliwa. Kofia inayozunguka kichwani itachomoka wakati wa kuanguka. Ni vyema kuijaribu ukiwa na msuko unaoutumia mara nyingi, bila kifundo kisogoni, na chini yake kuvaa kitambaa chembamba au mtandio mwepesi uliobana. Mkanda wa kidevuni ubane kiasi cha kuingiza vidole viwili tu. Ncha za mtandio, kanga au baibui zikunjwe na kukaliwa au kufungwa, kwa dereva na kwa abiria, kwa kuwa nguo inayopepea ikinaswa na gurudumu la nyuma humvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Abiria anayekaa upande, kama wengi wanavyofanya kwa ajili ya gauni au sketi, ndiye aliye karibu zaidi na hatari hiyo. Avae suruali au taiti ndani, akae akitazama mbele, na miguu yote miwili iwe juu ya vikanyagio.